Chai ya Shangazi

Kichwa kilianza kumuuma Fundi wiki ileile dada wa mumewe alipokuja kukaa nao. Baadaye, mtaa ulipokuwa unaieleza habari hii, wengi walianzia hapo, na ndiyo maana waliikosea.

Alikuwa fundi cherehani, na kazi ilikuwa imelimeza jina lake. Mumewe, dereva wa lori aliyekuwa njiani siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani, naye alimwita Fundi. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, aliyeanza shule mwaka ule, wakimwita Kifungo kwa sababu alipokuwa mchanga aliwahi kumeza kifungo cha koti la mteja, na mteja akakataa koti.

Chumba cha kushonea kilikuwa cha mbele, kilichowahi kuwa duka. Kilikuwa na mlango wa bati uliofungukia barazani, dirisha moja dogo lenye nondo, na meza ya kukatia iliyokula nusu ya sakafu. Cherehani ya miguu ilikaa karibu na mlango ili mwanga uangukie sindano. Nguo zilizokamilika zilining'inia kwenye waya uliovuka chumba, hata mtu akiingia alilazimika kuinama kama anaingia pangoni.

Mvua za mwaka ule zilikuja na upepo. Nguzo ya umeme ya pale kona ililala chini usiku mmoja na haikuinuliwa. Waliokuja kuitazama walipiga picha, wakasema subirini, wakaenda zao. Pasi ya umeme ikawa pambo. Na Fundi alikuwa amepokea kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupokea: sare za shule nzima, mashati meupe na sketi za marinda. Aliyewahi kushona marinda anajua kwamba hayashonwi tu. Hupangwa, hupigwa pasi, hubanwa kwa uzi, kisha hupigwa pasi tena hadi yakae kama kurasa za kitabu. Bila pasi hakuna marinda.

Kwa hiyo akaitoa uvunguni pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko, aliyoinunua kwa fundi mzee aliyestaafu. Kila asubuhi aliwasha jiko nje, barazani, akalipepea mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu safi. Hapo ndipo alipoliingiza ndani na kuliweka pembeni ya meza, awe anachota makaa ya kujazia pasi. Alikuwa mwangalifu. Moshi ungeyatia mashati harufu. Upepo nao ulikuwa unarusha matope hadi mlangoni, na shati jeupe likipata doa la tope ni hasara, basi alifunga mlango. Dirishani alipigilia nailoni. Taa ya betri ikaning'inizwa juu ya cherehani, na chumba kikawa kikavu, chenye joto, kimya. Alikipenda hivyo.

Ni katika siku hizo lori la mumewe lilisimama mlangoni, akateremka dada yake.

Alikuwa mjane, mrefu, wa maneno machache, mwenye tabia ya kumtazama mtu kwa muda kabla ya kumjibu, hata mtu akajishuku bila sababu. Alikuja na sanduku moja na makopo sita au saba ya rangi yaliyopandwa majani: mchaichai, mnanaa, mrehani, tangawizi na mengine ambayo Fundi hakuyajua.

"Nimekuja na wanangu," alisema, akiyapanga makopo barazani. "Hawali sana."

Kifungo alimwita Shangazi, na baada ya wiki mtaa mzima ukawa unamwita hivyo.

Maumivu yalianza kama kidole gumba kinachobonyeza juu ya nyusi. Kufika mchana ilikuwa kama kuna mtu nyuma ya macho anakaza skurubu. Fundi alijifunga kitambaa kichwani, akaendelea kukanyaga cherehani. Shangazi alipoingia kuuliza kama kuna kitu cha kufua, akamkuta ameshikilia ukingo wa meza.

"Una nini?"

"Kichwa tu, wifi. Ni macho. Taa hii ya betri inaniua."

Shangazi alimtazama kwa ule mtindo wake, kisha akatoka. Alirudi muda si mrefu na kikombe kinachofuka mvuke, lakini hakumkabidhi.

"Inuka. Chai hainywewi juu ya nguo za watu."

Akamkalisha barazani, kwenye mkeka, mgongo ukutani. Chai ilikuwa ya mchaichai na tangawizi, na mnanaa juu yake, bila sukari. Mvua ilikuwa inanyunyiza, upepo unapita. Fundi alikunywa taratibu, huku Shangazi akimkanda mabega, na kikombe kilipofika nusu, skurubu ikalegea. Kilipokwisha, maumivu yalikuwa yamebaki kama sauti ya redio ya jirani.

"Wifi," alisema, "mkono wako una dawa."

"Majani ndiyo yenye dawa. Mkono una harufu ya tangawizi tu."

Wakacheka. Walianza vizuri, wale wawili, na jambo hilo lisisahaulike.

Ikawa desturi. Fundi alirudi ndani, akajaza pasi, akafunga mlango, na kabla marinda ya sketi ya pili hayajakaa, kidole gumba kikawa kimerudi. Shangazi akaleta kikombe cha adhuhuri, kisha cha alasiri, na kila mara neno lilikuwa moja: inuka, tutoke nje. Kila mara kichwa kilipona. Kila mara kikarudi.

Siku moja Shangazi akakaa naye mkekani, akisugua jani la mrehani vidoleni.

"Fundi, nenda kapimwe. Chai hii inatuliza, lakini kinachorudi kila siku kina kwao."

"Nikimaliza sare."

"Mume wangu naye alisema nikimaliza msimu. Nilikuwa namchemshia majani haya haya. Anakunywa, anapata nafuu, anakwenda zake kazini. Kumbe ni shinikizo la damu. Siku moja akaanguka na kikombe mkononi." Alilitupa lile jani. "Tangu hapo nikimpa mtu chai, namwambia na habari ya hospitali. Sitaki kumfichia mtu ugonjwa wake."

Fundi alimpa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Lakini maneno hayo yalikaa ndani yake.

Jirani wa upande wa kulia aliuza nyanya na mkaa kwenye kibanda chake, na kwa kuwa habari zote za mtaa zilipita kwake kabla ya kufika kwa wenyewe, aliitwa Mama Redio. Hakuwa mtu mbaya. Ungekosa chumvi angekupa, na ungekosa neno angekupa pia. Alikuwa anamletea Fundi debe la mkaa kila baada ya siku kadhaa, na siku hiyo alilitua mlangoni, akaingia akipangusa mikono.

"Shoga, umekonda. Macho yamezama."

"Kichwa. Wiki ya tatu sasa."

"Wiki ya tatu." Mama Redio alivuta kigoda. "Na yule wifi yako ana muda gani hapa?"

Fundi aliendelea kupanga rinda. "Ndiye anayenisaidia. Ananipa chai, kinapoa."

"Kinapoa, halafu?"

"Kinarudi."

"Halafu anakupa tena."

"Ananipa tena."

Mama Redio alitazama mlangoni, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Mimi sisemi kitu. Ila dawa ya kweli inaponya ikaondoka. Hiyo inayokuachia na kukukamata ni ndoana. Mumewe alikufa vipi, alishakuambia?"

Fundi aliinua pasi, akaishusha, mvuke ukapanda kwenye kitambaa kibichi.

"Mjane hana nyumba ya kueleweka," Mama Redio aliendelea kwa sauti ya chini. "Kaka yake ana nyumba. Katikati umekaa wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, shoga yangu."

Alipoondoka, Fundi alijiambia kwamba huo ni umbea tu. Alilirudia moyoni neno hilo, umbea, mpaka likapoteza maana.

Kuanzia hapo alianza kuangalia. Aliangalia mkono wa Shangazi ukichuma majani, jani lipi, kutoka kopo lipi. Aliona kwamba kuna kopo moja halichumwi mbele ya watu. Kwa kweli lilikuwa la mche mchanga usiofaa kuchumwa bado, lakini hakuuliza. Akaona pia kwamba Shangazi hanywi chai ile yeye mwenyewe.

Kisha ikatokea siku Shangazi alipokwenda kutazama nyumba yake ya zamani, aliyoishi na marehemu mumewe, akalala huko. Siku ileile Fundi alifungasha sehemu ya kwanza ya sare, akazipeleka shuleni, akashinda huko akiwapima watoto waliokuwa wamekosewa vipimo. Kutwa nzima kichwa hakikumuuma. Jioni alirudi nyumbani kwa miguu, mwepesi, na alipofika barazani na kuyaona yale makopo yamejipanga, akasimama.

Wifi hayupo, kichwa hakipo. Aliona jambo limejieleza lenyewe.

Hakumwambia mumewe. Kwenye simu angesema nini? Dada yake alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki. Aliamua tu kwamba chai ile haitapita tena kooni mwake. Shangazi aliporudi na kikombe cha adhuhuri, na neno lake la inuka, Fundi hakuinua uso.

"Niachie hapo mezani, wifi. Leo sina nafasi ya kutoka."

"Itapoa."

"Nitainywa ya baridi."

Shangazi alisimama kidogo, akaiweka, akatoka. Fundi akaimwaga kwenye ndoo ya maji machafu. Ikawa hivyo siku hiyo na zilizofuata: kikombe kinaingia, kinamwagwa, na mlango unabaki umefungwa tangu asubuhi hadi giza. Kama kuna mtu angemwambia kwamba katika kila kikombe alichokuwa anamwaga alikuwa anamwaga na ile robo saa ya upepo wa barazani, asingemwelewa.

Hali ilizidi. Kichefuchefu kilimshika kabla ya saa sita. Magoti yalikuwa kama si yake. Alikata mkono mmoja wa shati mara mbili na mwingine akausahau. Alishona zipu upande usio wake, akaifumua, akaishona upande uleule. Mara moja alijikuta amesimama na mkasi mkononi bila kujua alikuwa anataka kukata nini. Akakumbuka kwamba ameacha chai na bado anaumwa, na jibu likaja upesi, kwa sababu shaka ikishapata makao haikosi jibu: sumu imeshaingia kwenye mifupa. Au anaitia kwenye maji. Au kwenye chakula. Akaanza kujipikia mwenyewe, kwenye jiko lilelile la pembeni ya meza, na mlango umefungwa.

Kifungo alikuwa akitoka shule anaingia chumba cha kushonea, anakaa chini ya meza na kuwashonea wanasesere nguo za mabaki. Alipenda pale, palikuwa na joto. Alasiri moja akatambaa kutoka uvunguni, uso umepauka.

"Mama, kichwa changu kinagonga."

Fundi alikuwa na pini mdomoni na pindo mkononi. Kabla hajatoa neno, mtoto alikimbilia nje. Akasikia anatapika barazani, kisha sauti ya Shangazi, ya chini, ikimbembeleza. Alipofika mlangoni akamkuta mtoto amekaa mapajani mwa shangazi yake, anakunywa kutoka kwenye kikombe kidogo cha bati.

Alikipiga kile kikombe kwa kiganja. Kiliruka hadi kwenye matope.

"Hata mtoto?" Sauti yake haikuwa kubwa. Ndiyo maana Shangazi aliielewa mara moja. "Mimi umeniweza, nimekaa kimya. Hata mtoto wa kaka yako?"

"Fundi, unasema nini?"

"Nasema ulichomfanyia mumeo hutakifanya hapa."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kifungo alitazama huku na huku, akaanza kulia bila sauti. Shangazi alimteremsha mapajani taratibu. Aliinuka, akakiokota kikombe matopeni. Ndani kulikuwa kumebaki tone la chai, limechanganyika na maji ya mvua. Akalinywa mbele ya macho ya wifi yake, kisha akakiweka kikombe juu ya ukuta wa baraza.

Hakubishana. Aliingia ndani kufunga sanduku, na alipotoka alikuwa amejifunga khanga vizuri kama mtu anayekwenda safari ya kawaida.

"Kama ni mimi," alisema, "basi kesho utaamka mzima. Nakuombea iwe ni mimi."

Akambusu mtoto utosini, akaondoka na sanduku kichwani. Makopo aliyaacha.

Jioni Fundi hakufanya kazi. Alikaa chumba cha nyuma na mtoto, dirisha wazi, wakalala mapema wamekumbatiana. Asubuhi wote wawili waliamka vichwa vyepesi kama vimeoshwa. Kifungo aliomba chakula mara mbili. Fundi alimtazama akila, akasema moyoni, basi. Ushahidi gani tena?

Alimpigia mumewe simu. "Dada yako ameondoka. Ukirudi nitakueleza." Upande wa pili palikuwa na ngurumo ya injini, kisha dereva akasema, "Sawa," kwa namna ya mtu asiyeona usawa wowote.

Mtoto alipokwenda shule, Fundi alimwaga makopo yote. Aling'oa mchaichai kwa mizizi, akaukanyaga mnanaa mpaka harufu yake ikajaa baraza nzima. Kisha akawasha jiko, akalipepea moshi ukaisha, akaliingiza ndani. Sare za mwisho zilitakiwa siku iliyofuata. Alifunga mlango na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, akasukuma na komeo, asije mtu akarudi na kikombe.

Alianza kwa kuimba. Alishona sketi zilizobaki moja baada ya nyingine, akazipanga mezani, akaanza marinda. Pasi ilikuwa moto sawasawa, kitambaa kilitii. Mvua ilinyesha kutwa, na ile nailoni ya dirishani ilipumua ndani na nje kama shavu, kisha upepo ulipotulia ikatulia nayo.

Kidole gumba kilirudi kabla ya adhuhuri. Alishangaa kidogo, hakuogopa. Sumu inatoka, alijiambia. Kitu kilichoingia kwa wiki nyingi hakitoki kwa siku moja. Akafunga kitambaa kwa nguvu zaidi. Akaongeza makaa kwenye pasi, na katika kuinama chumba kikazunguka, akashika meza, kikasimama.

Saa za kikombe zilifika, zikapita. Hakuna aliyegonga. Hakuna aliyemwambia inuka.

Alasiri miguu yake ilikuwa mizito mno kukanyaga cherehani, basi akavuta kigoda mezani apige pasi akiwa amekaa. Rinda moja, la pili. Maumivu yalikuwa yamekwenda mbali, na mahali pake palikuwa na usingizi mzuri, wa joto, kama wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Akajiambia apumzishe paji la uso kidogo tu. Kitambaa kilikuwa bado na uvuguvugu. Alikilalia.

Kifungo alitoka shule, akaukuta mlango umekomewa. Aliita. Akachungulia kwenye tundu la ufunguo, akaona mkono wa mama yake umening'inia kandokando ya meza, na juu ya meza kitu kinatoa moshi. Mtoto mwingine angedhani mama amelala. Yeye alikimbia hadi kibandani kwa Mama Redio, akamshika nguo, akashindwa kusema.

Lazima isemwe kwamba Mama Redio hakungoja. Aliyaacha madebe wazi na mvua ikinyesha, akanyakua mtaimbo wa mwashi aliyekuwa anajenga ng'ambo, na mwashi mwenyewe akamfuata mbio akidhani ameibiwa. Waliung'oa mlango kwa pamoja. Ndani palikuwa na joto la tanuri. Pasi ilikuwa imechoma sketi mbili na kuzama kwenye mbao, na Fundi alikuwa amelala shavu juu ya marinda, mashavu mekundu kama ya mtu mwenye afya. Mwashi alimbeba. Walipomlaza barazani hakuitika kwa jina wala kwa kofi.

"Ni ile chai," Mama Redio alikuwa anasema, pale na njia nzima hadi hospitali. "Wifi yake amemmaliza. Nilisema mimi."

Tabibu aliyempokea Fundi alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimfunika mgonjwa pua na mdomo kwa barakoa ya hewa, akasikiliza kifua, akainua kope. Kisha akamgeukia Mama Redio, aliyekuwa ameshafika kwenye habari za mjane na kaka yake.

"Mama, subiri. Mlimkuta chumba gani?"

"Cha kushonea."

"Humo ndani mlikuwa na moto?"

"Jiko tu, na pasi ya mkaa. Lakini moshi haukuwepo, anawashia nje. Ni mwangalifu sana."

"Na madirisha?"

Mama Redio alifungua mdomo. Akaukumbuka mlango, na ile nailoni, na joto lililompiga usoni.

"Mkaa mwekundu usio na moshi ndio watu wanaouamini," tabibu alisema. "Una hewa yake ya sumu, haionekani, hainuki. Inaanza kwa kichwa. Ukitoka nje unapona, ukirudi inakushika." Akamtazama Kifungo aliyekuwa amejikunyata kwenye benchi. "Na mtoto huyu alikuwa anashinda humo?"

Mama Redio, ambaye mkaa wote ule ulitoka kibandani kwake, alikaa chini polepole. Waliokuwepo wanasema hawakumsikia tena akizungumza siku hiyo.

Dereva alifika kesho yake na lori likiwa bado na mzigo wa wateja. Alisikiliza habari yote kutoka kwa tabibu, kisha ya pili kutoka kwa mtoto, kwa maana Kifungo alikuwa ameshika kila neno lililosemwa barazani. Akatoka nje, akampigia dada yake simu. Alilia kwenye simu, mtu mzima yule, amesimama kati ya magari. Shangazi aliuliza jambo moja tu: "Anapumua mwenyewe?" Alipojibiwa ndiyo, akasema anakuja.

Fundi alizinduka Shangazi akiwa kando ya kitanda. Alimtazama muda mrefu, na Dereva, aliyekuwa miguuni, akashika chuma cha kitanda. Kisha uso wa mgonjwa ukafunguka kwa furaha.

"Wifi. Ulikwenda wapi? Kichwa kilinizidi, hakuna wa kunitengenezea chai."

Shangazi hakujibu haraka. Lakini hakuwahi kujibu haraka.

"Nilikwenda kutazama nyumba yangu," alisema. "Nimerudi."

Mengine yalirudi nusu nusu. Fundi alitembea, alikula, alimjua mumewe na mwanawe na wateja wake wa zamani. Wiki zile za mvua hazikuwepo. Sare hakuzikumbuka. Shule ilizichukua zilizokamilika, nyingine ikapeleka kwa fundi mwingine. Vidole vyake vilitetemeka mbele ya sindano, na rinda aliloweza kulipanga akiwa amefumba macho sasa lilimshinda, akabaki analigeuza geuza kama barua ya lugha ngeni. Mambo mapya pia hayakukaa. Angeweka mkasi, akauulizia, akaonyeshwa, akauulizia. Tabibu alisema huenda ikapungua na huenda isipungue.

Umeme ulirudi. Pasi ya mkaa Dereva aliichukua, hakusema anaipeleka wapi. Ile nailoni aliing'oa kwa mikono. Shangazi alibaki, na alipanda majani mapya kwenye makopo yaleyale. Alasiri alimtoa wifi yake barazani, akampa kikombe, lakini sasa, kabla ya kumkabidhi, alipiga funda moja kwanza. Mama Redio aliyaona hayo kutoka kibandani kwake, na mara nyingi aligeukia nyanya zake.

"Mbona unaniibia chai yangu?" Fundi aliuliza mara moja, akicheka.

"Naonja moto."

Alasiri nyingine, jua likiwa limetoka, Fundi alishika kikombe bila kunywa. Alikuwa anatazama matope yaliyokauka mbele ya baraza, uso umekunjamana kama anayejaribu kusoma kitu kwa mbali.

"Wifi, niliwahi kukuambia neno baya?"

Dereva alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Mikono yake ilisimama.

Shangazi alimtazama kwa ule mtindo wake. "Uliniambia," akasema. Na akamweleza, tangu kopo la kwanza hadi sanduku kichwani, bila kuongeza wala kupunguza. Fundi alisikiliza kama anasikiliza habari za mwanamke mwingine. Mwisho alikishika kiganja cha wifi yake, akakiweka usoni, na machozi yakapita kati ya vidole. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Usiku ule Dereva alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Kesho yake, wakati uleule, Fundi alishika kikombe bila kunywa. Alitazama matope makavu, uso ukakunjamana.

"Wifi," alisema, "niliwahi kukuambia neno baya?"

Shangazi alimtazama kaka yake. Kaka yake akatazama chini. Barabarani watoto walikuwa wanatoka shule, wamevaa sketi za marinda, wanarushiana maneno.

"Hapana, wifi," Shangazi akasema. "Hujawahi."